Mzee wa Tawi na Mkono wa Kulia

Nimeishi na watu wa kila namna, nyumbani na ng'ambo, na sijawahi kumwona mtu aliyemtumikia Mungu kwa bidii kama Mzee wa Tawi, wala mtu aliyenichefua kama yeye. Nayasema yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu yalikaa ndani ya shati moja. Lilikuwa shati jeupe, ukosi wake umegeuzwa na mkewe ili upande uliochakaa ukae ndani, na lilipigwa pasi ya makaa kila Jumamosi jioni hata mwaka ule ambao hatukuwa na maji ya kufulia.

Kabla ya dini alikuwa gadi wa reli. Alikuwa amezoea kwamba akiinua bendera ya kijani treni inaondoka na akiinua nyekundu inasimama, na nadhani hakuwahi kuishusha ile nyekundu. Sisi tulikuwa Wamormoni, kama watu wanavyotuita, na katika kanisa letu kusanyiko dogo huitwa tawi, na kiongozi wake huitwa rais wa tawi. Tawi letu lilikutana katika darasa la shule ya chekechea upande wa Matiliku, watu wazima tukiwa tumekalia viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Cheo hicho cha rais kilimletea shida mapema. Siku moja naibu wa chifu alikuwa akipita, akamsikia mama mmoja akisema, "Rais ameniambia nilete viti."

Naibu akasimama. "Rais gani?"

"Rais wetu. Yule pale, anafagia."

"Nchi hii ina Rais mmoja," naibu akasema taratibu, "na hafagii." Akamchukua mzee mpaka ofisini kwa chifu, na mzee akakaa huko mpaka jua likazama, akieleza kitabu chake na manabii wake kwa watu waliotaka tu kujua kama ana chama. Aliporudi aliwatangazia washirika kwamba tangu siku hiyo wamwite Mzee wa Tawi. "Cheo ni kile kile," alisema. "Jina tumelificha kwa usalama." Hakuonyesha woga hata kidogo, na hilo nampa.

Mimi nilimkuta ameshakalia kiti hicho. Nilirudi kutoka Uingereza katikati ya miaka ya themanini na diploma ya mitambo ya maji, niliyoipata kwa kuosha sufuria za hoteli mchana na kusoma nilipopata nafasi. Hakuna aliyenichangia nauli, hakuna mbunge aliyeniandikia barua. Visima vingi vinavyotoa maji leo kati ya Tawa na Kwa Vonza vimepita mikononi mwangu, na nyumba ya kwanza ya mawe kijijini kwetu ni yangu. Nayataja haya kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu Mzee wa Tawi hakunisamehe hata moja. Nilikuwa nimebatizwa huko huko Uingereza, na mama yangu alikuwa amebatizwa huku bila mimi kujua, katika bwawa la ng'ombe, miaka hiyo hiyo. Tulipokutana tulicheka mpaka tukashika mbavu. Aliniambia kwamba alipotoka majini alipiga vigelegele kwa furaha, na Mzee wa Tawi, akiwa bado amesimama kwenye matope mpaka kiunoni, akamwambia, "Dada Syombua, mbinguni hakuna kelele."

Hilo la kelele lilikuwa la kwanza kunishangaza. Hatukupiga makofi, hatukupiga ngoma, hatukupiga vigelegele hata kwenye harusi. Tuliimba kwa kufuata kaseti, polepole, kama watu wanaosukuma gari lililozimika. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kanisa jingine lililojaa ngoma, na watoto wetu walikuwa wakiimba nyimbo zetu huku miguu yao ikicheza nyimbo za jirani. Nilimuuliza Mzee wa Tawi imeandikwa wapi kwamba Mungu anachukia makofi.

"Huko makao makuu hawapigi," akasema.

Hapo ndipo palipokuwa na hazina yake yote ya elimu. Mzee wa Tawi hakuwahi kufika Amerika, yaliko makao hayo. Hakuwahi kuvuka mpaka wa Kenya. Alichokuwa nacho ni picha moja ya viongozi wakuu, iliyokatwa kwenye kalenda na kubandikwa ukutani kwake juu ya redio, na kutoka kwenye picha ile alitoa sheria miaka na miaka. Wale wazee wa pichani hawakuwa na ndevu, kwa hiyo ndevu zikawa dhambi. Walivaa mashati meupe, kwa hiyo shati la rangi halikuweza kukaribia meza ya sakramenti, ya mkate na maji. Nywele zao zilikuwa na njia upande mmoja, kwa hiyo aliwashauri vijana wetu wachane njia upande mmoja, na kuna vijana wa Kikamba walioteseka na kitana mpaka wakaikata njia hiyo kwa wembe. Mmoja alimuuliza kama wale wazee wangepigwa picha wakiwa wamevua viatu, sisi tungefanyaje. Aliwekwa nje ya huduma mwezi mzima.

Mambo ya shati niliyacheka mpaka nilipoona yaliyompata Muli. Muli alikuwa askari wa mlango wa duka kubwa pale Tawa. Jumapili moja ilikuwa zamu yake kubariki mkate, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini na shati lake la kaki, safi, limepigwa pasi.

"Ndugu Muli, keti nyuma," Mzee wa Tawi alimwambia.

"Nimeoga, Mzee."

"Sikuuliza kuoga."

Muli akaketi nyuma. Alitazama mikono yake wakati wote wa ibada, na Jumapili iliyofuata tulimsikia ng'ambo ya barabara akiimba na kupiga makofi. Alikuwa na sauti nzuri kuliko kaseti yetu.

Halafu kulikuwa na uji. Katika mafundisho yetu tunakatazwa vinywaji vya moto, na wote waliotufundisha walieleza kwamba maana yake ni chai na kahawa, basi. Kwa Mkamba kuacha chai ni sadaka kubwa ya kutosha. Mzee wa Tawi aliona wamelegeza. Akakataza uji wa moto, maziwa ya moto na mchuzi unaotoa moshi. Nyumbani kwake uji uliwekwa dirishani mpaka ushike ngozi, ndipo watu wanywe. Bibi mmoja mwenye kifua kibovu alimwambia, "Mzee, daktari amesema nimeze dawa na maji ya moto."

"Yaache yapoe, dada. Imani itaongeza moto."

"Basi imani yako na iniletee kuni," bibi akasema, na akaenda akachemsha maji yake. Lakini isyo, mahindi na maharagwe vinavyotoka chunguni vikitokota, Mzee wa Tawi aliila huku akipuliza vidole. Nilipomkodolea macho alisema isyo hainywewi. Alikuwa na jibu la kila kitu, na majibu yake yote yalikuwa na harufu moja, ya mtu anayeogopa kwamba akilegeza kamba moja hema lote litaanguka.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya tu. Mwaka wa ukame, mbuzi walipokuwa wakifa wamesimama, alifungua ghala lake akagawa mbaazi na mahindi, na hakuuliza nani ni mshirika na nani anatoka ng'ambo ya barabara. Alimpakia punda mwenyewe, akapeleka chakula kwa wazee wasioweza kutembea. Jirani yetu mmoja alipokufa kwa kifua kikuu na ndugu zake wakaogopa kumgusa, Mzee wa Tawi alivua lile shati jeupe, akalitundika mtini, akaingia ndani akamwosha maiti peke yake. Alimwosha kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyemuuliza ni upi uliotangulia.

Na mtu huyo huyo ndiye aliyemfanyia mama yangu yale aliyomfanyia.

Mama alipoteza mkono wa kulia nikiwa bado shule ya msingi. Mkanda wa kinu cha posho ulimshika mkono wa gauni, na hospitalini wakamkata juu kidogo ya kifundo cha mkono. Alijifunza kulima kwa mkono mmoja, na alisuka vyondo, vikapu vya katani, akishikilia nyuzi kwa vidole vya miguu, na vyondo hivyo vilinivisha na kunilisha. Sijawahi kumsikia akilalamika. Alipobatizwa aliamini mambo mawili kwa nguvu zake zote: kwamba atakutana tena na baba yangu, aliyekufa mapema, na kwamba ahadi hiyo hufanywa upya kila Jumapili kwa kipande cha mkate na tone la maji. Bila mkate ule, alisema, ubatizo wake ulikuwa ukichakaa wiki baada ya wiki kama nguo isiyofuliwa.

Nilirudi nikakuta hapewi.

Sikuelewa mara ya kwanza. Tulikuwa tumeketi bega kwa bega, shemasi akapita na trei, na alipofika kwa mama akaiinua juu kidogo, akaipitisha mbele ya uso wake na kuishusha kwangu, kama mtu anayepitisha chakula juu ya mbwa. Mama alikuwa anatazama mbele. Nilimuuliza tukiwa nje.

"Mkono wangu ni wa kushoto," akasema.

"Nani alisema?"

"Mzee wa Tawi. Mkate wa agano hutwaliwa kwa kulia."

Ni kweli kwamba katika kanisa letu watu wengi hutumia mkono wa kulia. Ni adabu. Wamisionari waliotujia walifanya hivyo bila hata kufikiri. Na ni kweli kwamba kwetu Ukambani mtoto akimpa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto anachapwa, kwa sababu mkono huo una kazi zake. Desturi mbili zilikutana katika kichwa cha gadi wa reli, moja ya Wazungu na moja ya nyanya zetu, zikazaa amri ambayo Mungu hakuijua. Na washirika waliipokea bila swali, maana ilisikika kama Amerika na ilionja kama nyumbani.

Nilienda kwake siku hiyo hiyo. Alikuwa anakamua mbuzi.

"Ndugu Diploma," akasema bila kugeuka. Ndivyo alivyoniita tangu niliporudi. "Umekuja na pampu au umekuja na maswali?"

"Nimekuja kwa ajili ya mama."

"Mama yako nimempa njia. Akae na binti yeyote, binti atwae mkate kwa kulia amtie mdomoni. Afungue mdomo tu. Kakataa."

"Si mtoto wa kulishwa."

"Basi ni kiburi. Naona ni cha ukoo."

"Nionyeshe palipoandikwa kwamba asiye na mkono wa kulia asile."

"Si kila kitu kinaandikwa. Vingine vinajulikana."

Nikamwambia kwamba mzee aliyenibatiza Uingereza aliachwa na mkono mmoja vitani, wa kushoto, na kwamba alitwaa mkate kwa mkono huo na hata kuubariki, mbele ya viongozi wakubwa kuliko sisi sote.

"Uingereza kuna baridi," akasema. "Watu wa baridi hufanya mambo mengi."

"Wewe unaijua Uingereza?"

"Nawajua Waingereza. Nimewabeba kwenye treni miaka mingi. Walikuwa wanakula mayai mabichi." Akainuka na kikombe chake cha maziwa. "Roho hana diploma, ndugu yangu. Ukitaka kunifundisha mambo ya kisima nitakusikiliza."

Sikuwa mtu wa kunyamaza. Niliendesha pikapu yangu mpaka Nairobi nikamweleza Mmarekani aliyekuwa kiongozi wa misheni. Alishika kichwa. Alikuja mwenyewe, na baada ya ibada akawaambia watu wazima wote, mkalimani akifuata neno kwa neno, kwamba kutwaa kwa mkono wa kulia ni adabu nzuri kwa mwenye mkono huo, si amri, na kwamba dada huyu atwae kwa mkono alionao. Mzee wa Tawi alisimama akasema, "Nimesikia na nitatii." Mgeni akamshika mkono. Mama alilia kidogo. Mimi nilienda nyumbani nikiwa nimevimba kwa furaha, najisifu kwa mke wangu kwamba bila mimi watu hawa wangebaki gizani.

Jumapili iliyofuata tulikuta kiti kimoja kimewekwa nyuma kabisa, karibu na mlango, peke yake. Juu yake kulikuwa na kisahani cha chai chenye maua, na juu ya kisahani kipande cha mkate.

"Ni cha Dada Syombua," Mzee wa Tawi alinieleza kwa upole kabisa. "Mgeni alisema atwae. Hakusema achovye mkono huo kwenye trei ya watu wote."

Nilitaka kumpiga. Mama alinishika ukosi. Alienda mpaka kwenye kile kiti, akakichukua kisahani, akakirudisha mezani, akaja akaketi pale pale alipozoea. Trei ikapita juu yake. Usiku huo, na kila niliporudia habari hiyo, alisema jambo moja: "Nilikula na watu kabla ya wewe kuzaliwa. Siwezi kula kama mwenye ukoma."

Nikamwambia twende kanisa lingine. Akaniuliza kama baba yangu angejua kumtafuta huko. Nikaandika Nairobi tena, lakini yule Mmarekani alikuwa ameshamaliza zamu yake akarudi kwao, na aliyekuja baada yake aliandikiwa na tawi kwamba jambo hilo lilishamalizwa. Na kwa kweli lilimalizwa, kwa namna ambayo maji humalizwa katika kisima. Miaka ikapita hivyo. Mama aliinua kidevu kila Jumapili, na trei ikapita.

Mzee wa Tawi alipumzishwa uongozi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiti chake akapewa mwalimu kijana aliyelelewa na mzee huyo katika imani, ambaye hakubadilisha hata mahali pa saa ya ukutani. Muda si mrefu mama akaanza kuugua moyo. Hakuweza tena kutembea mpaka kanisani. Alilala chumba cha mbele cha nyumba yangu, mahali anapoona barabara, na ndiye aliyemwona kwanza Mzee wa Tawi siku alipokuja, akiwa na shati lake jeupe, amebeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa.

Alikuwa amepungua. Aliketi, akafunua kitambaa. Ilikuwa trei ya tawi, ile yenyewe, na juu yake vipande viwili vya mkate na vikombe viwili vya maji.

"Dada Syombua, mwalimu ameniruhusu nikuletee sakramenti."

Mama aliitazama trei. "Leo ni mkono gani?"

"Wowote, dada."

"Tangu lini?"

Akakikunja kile kitambaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona jasho likimtoka juu ya mdomo.

"Nimekuuliza, Mzee. Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," akasema.

Mama akamuuliza kwa nini, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa kama anauliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Mzee wa Tawi alisema kwamba hata kabla ya yule mgeni alishaanza kujua. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu. Na akirudisha neno moja, watu wangeuliza la shati, na la uji, na la ngoma, na mwisho wangeuliza kama hata ubatizo ni wa kweli. "Nililinda imani yao," akasema.

"Kwa mkate wangu," mama akasema.

Mzee wa Tawi akabariki mkate. Mama alinyoosha mkono wa kushoto, akatwaa, akala. Akanywa maji. Alitafuna polepole sana kwa kitu kidogo namna ile. Alipomaliza akamwambia, "Jumapili ya ushuhuda iko karibu. Uliyoniambia mimi kitandani, uwaambie wao ukiwa umesimama."

"Nitasema."

"Usinipe jibu la treni inayopita. Utasema?"

"Nitasema, dada."

Jumapili ya ushuhuda kwetu kila mtu anaruhusiwa kusimama na kunena kilicho moyoni. Nilifika mapema nikaketi mbele. Mzee wa Tawi alisimama wa tatu. Alisema anajua kanisa hili ni la kweli. Alitoa shukrani kwa mvua. Kisha akasema amemtembelea Dada Syombua mgonjwa, na kwamba anataka vijana wajifunze kutoka kwake, kwa maana dada huyo, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mkono wa kulia wa agano, alikubali kuiacha trei impite miaka mingi bila kunung'unika. "Huo," akasema, "ndio utii." Akina mama wakaitikia amina. Mmoja alifuta machozi.

Nimeingia katika visima mlimooza mizoga na sikuwahi kusikia kichefuchefu kama kile.

Nilimsimulia mama neno kwa neno, sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Utii," akasema. "Mimi." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, mke wangu akaja mbio na maji. Alipotulia aliniambia, "Jumapili ijayo mnibebe."

Tulimbeba. Nililaza godoro nyuma ya pikapu, nikaendesha kama nimepakia mayai, na wanaume wawili wakamwingiza na kumketisha safu ya mbele kwenye kiti cha mtoto. Mzee wa Tawi alikuwa ameketi upande wa pili, anatazamana naye. Mkate ukabarikiwa. Shemasi, kijana asiyejua hata kisa chenyewe kilianzia wapi, akaja na trei, na alipofika kwa mama mikono yake ikaanza kuinuka kwa mazoea. Mama akaushika ukingo wa trei kwa mkono wa kushoto, akaushusha mpaka magotini pake. Kijana akageuka kumtazama Mzee wa Tawi, aambiwe la kufanya. Darasa zima likageuka.

Mama akatwaa mkate, akauinua juu ili walio nyuma nao waone, akala.

Mimi nilikuwa namtazama yule mzee. Alikuwa amefumba macho, mikono imekunjwa kifuani juu ya shati lake jeupe, midomo ikicheza. Waliomwona walidhani anaomba; mimi nilijua anatafuta jibu.